Mwoga Wetu wa Chumba cha Mitambo Anastaafu

Miaka thelathini na minne ya utumishi, na yote ameitumia kwa kuogopa. Tarehe thelathini ya mwezi huu, zamu ya mchana itakapokabidhi kwa zamu ya jioni, mwendeshaji mkuu wa mitambo ambaye kituo kizima kinamwita Mzee Ngoja atavua kofia yake ngumu, ataitundika kwenye msumari wake, na kwenda nyumbani akiwa na vidole vyake vyote. Kamati ya sherehe imetaka yaandikwe mafanikio ya mstaafu. Hilo la vidole ndilo la kwanza. Mimi ninayeandika nina kimoja pungufu, kwa hiyo najua thamani yake.

Kamati ilitafuta mtu aliyesoma. Aliyesoma alikuwa likizo. Wakaniangukia mimi, fundi spana wa zamani niliyeiacha shule kabla yenyewe haijaniacha, kwa sababu mbili: mstaafu namjua tangu hajaota kitambi, na amemuoa dada yangu. Wameniomba nisitie mzaha. Nimewaahidi, na wao wakaniamini, ndiyo maana nasema kamati hii haina uzoefu.

Kwa wake, waume na wageni watakaosoma haya wakisubiri soda, niwaeleze kazi yenyewe. Mtambo wetu hula vyakula viwili. Cha kwanza ni gesi, inayoletwa na bomba kutoka mbali. Cha pili ni dizeli, iliyolala kwenye matangi nyuma ya uzio. Siku nyingi unakula gesi. Gesi ikiyumba, sharti uhamie dizeli, na uhame ukiwa unakimbia hivyo hivyo, umebeba mji mzima mgongoni, bila taa hata moja ya mtu kupepesa. Ni kama kubadili tairi la basi na basi liko mwendo, na abiria wanatakiwa wasiamke. Ukiondoa gesi mapema, moto unakufa na mtambo unajizima. Ukimwaga dizeli kwa pupa, moto unatoka kwenda kutembea kwenye bomba la moshi. Katikati ya hayo mawili kuna kijia chembamba, na shemeji yangu amekipita miaka yote hii huku magoti yanagongana.

Hakuzaliwa hivyo. Alianza uwanja wa matangi, kazi yake kutumbukiza ufito kupima kimo cha dizeli, na enzi hizo alikuwa kijana wa kuimba na kuruka ngazi mbili mbili. Akapandishwa kwenda chumba cha mitambo, chini ya msimamizi mmoja jasiri kupita kiasi. Siku moja walikuja wageni wakubwa. Gesi ikaanza kushuka, na msimamizi akaona hiyo ndiyo nafasi ya kujionyesha. Akatoka nao nje, akasimama nao jirani na bomba la moshi, akaamuru kwa redio, "Hamisheni! Fanyeni haraka, wageni wanatazama!"

Aliyekuwa kwenye vitufe akafanya haraka. Moto ukafa, dizeli ikaendelea kumwagika kwa kitambo kama cha kupiga chafya, ikakutana na joto la chuma, ikalipuka humo bombani. Mlango wa bomba uling'oka ukaruka kama kifuniko cha sufuria. Wageni walipata vumbi. Msimamizi alipoteza nyusi zote mbili, nazo hazikurudi mpaka anastaafu. Kuanzia siku hiyo tulimwita Nyusi, hakuna aliyemwonea huruma. Lakini yule kijana wa kuimba alikuwa amekaa kiti cha pili, pembeni ya aliyehamisha. Alisikia moto ukifa. Aliniambia haukufa kwa kelele. Ulikufa kwa ukimya mdogo, kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema jambo baya. Woga ulimwingia hapo, ukafungua virago, ukakaa.

Alipopewa yeye kiti cha kwanza, akaanzisha utaratibu wake. Maelekezo yanasema ukianza kuhamisha, nenda moja kwa moja mpaka mwisho. Yeye anatia dizeli kidogo tu, ulimi wa dizeli, halafu anaondoa kidole kwenye kitufe. Gesi ipo, dizeli ipo, moto unakula kwa mikono miwili. Naye anainamisha kichwa, anasikiliza, anasema, "Ngoja kwanza." Hapo ndipo jina lilipotoka. Vijana walimcheka mpaka wakachoka. "Mzee, maji hayajachemka?" "Mzee, umesinzia au unasali?" Akiridhika ndipo anaendelea, na akimaliza unamwona anajifuta shingo kwa leso iliyokwisha lowa.

Huko nyumbani ndiyo balaa zaidi. Siku ya kubadili mtungi wa gesi wa jikoni, Mzee Ngoja hutoa watu wote nje. Watoto nje, wageni nje, kuku nje. Mimi mwenyewe nimewahi kula nusu ya chakula changu nimesimama uani, sahani mkononi, pamoja na mama mkwe wake aliyekuja kusalimia tu. Dada yangu hupiga kelele kutoka getini, "Wenzako wanabadili mtungi huku wanapiga soga!" Naye anajibu kutoka ndani, sauti ikitoka chini ya meza, "Hao hawajaona nilichoona!"

Tena yeye ndiye aliyetubebesha jaribio la kila mwezi. Gesi iwe nzuri, jua liwake, hakuna shida yoyote duniani, kila mwezi lazima mtambo uhamishwe kwenda dizeli na kurudishwa, kusudi ijulikane kama dizeli itakubali siku ikihitajika. Dizeli ikikaa tu kwenye vile vibomba vya moto, inaganda na kuwa masizi magumu, vali zinanata. Meneja wa wakati ule aliona ni kuchoma mafuta bure, akataka lifutwe. Kwenye mkutano Mzee Ngoja alisimama. Hajawahi kusimama kwenye mkutano kabla wala baada. Karatasi aliyoishika ilitetemeka hadi sisi wa nyuma tukaisikia. Akasema, "Mimi naogopa," akakaa. Ilikuwa hotuba nzima. Ukumbi ulicheka, meneja akacheka, na jaribio likabaki, maana nani atabishana na mtu aliyekwisha kiri?

Sasa niseme ile siku, ambayo kamati imeniomba niipitie juu juu. Haipitiki juu juu. Mimi nilikuwa chini yake.

Mtambo wa pili ulikuwa wazi, umefunuliwa kwa matengenezo. Tulikuwa tunarudisha rota, ule mhimili mkubwa wenye mabapa pande zote, mzito kuliko malori kadhaa yaliyofungwa pamoja. Ulining'inia kwenye kreni ya juu ya paa, ukishuka taratibu kuelekea kwenye kitanda chake. Ilipobaki kama urefu wa mkono, mtu akapiga ukelele, "Simama! Kuna tambara huko chini!"

Tambara la kufutia mikono. Fundi aliliweka hapo dakika moja, akalisahau, kama sisi mafundi tulivyo. Ukilifungia ndani, siku mtambo ukiwashwa linavutwa kwenye mabapa, na hapo unaanza kuhesabu hasara. Enzi hizo nilikuwa mwembamba; dada yangu alikuwa akisema naweza kujificha nyuma ya ufagio. Wakanitazama wote kwa pamoja. Dereva wa kreni, tuliyemwita Kasuku kwa mdomo wake usiofungwa, akainua rota kidogo, nikaingia kwa tumbo, nikageuka chali, akaishusha tena kidogo isiyumbe. Tambara nililipata. Kutoka ndiyo kulitaka Kasuku ainue tena, kwa sababu nilikuwa nimejipenyeza mahali ambapo kuingia ni hiari yako na kutoka ni hiari ya watu.

Hapo redio iliyokuwa mfukoni mwangu ikasema gesi inashuka. Huko inakotoka, mashine ya kuisukuma imezimika.

Nieleweke vizuri. Umeme wa ile kreni ulitoka mtambo wa kwanza, ule uliokuwa ukinguruma upande wa pili wa ukuta. Mtambo ule ukijizima, kreni inakufa. Breki yake inajifunga yenyewe, ndiyo, lakini ilikuwa na ugonjwa: haikushika papo hapo, iliteleza kwanza. Ingeteleza kiasi gani? Hakuna aliyejua. Hakuna aliyewahi kuijaribu na uzito ule. Na Kasuku akiinua, umeme ukikatika rota iko kwenye mwendo, itateleza zaidi. Kwa hiyo hakugusa kitu. Nilimsikia Kasuku akinyamaza, na wanaomjua wataelewa jinsi nilivyotishika.

Kwenye chumba cha mitambo alikuwa Mzee Ngoja, na Injinia, binti aliyekuwa na mwaka wake wa kwanza kituoni. Injinia ndiye aliyesema, "Kuna mtu chini ya rota."

"Nani?"

"Shemeji yako."

Yote hayo niliyasikia redioni, nimelala chali na bapa liko mbele ya pua.

Jambo la pili baya ni hili: asubuhi ile filta ya dizeli ya mtambo wa kwanza ilikuwa imebadilishwa, na mtambo ulikuwa haujajaribiwa tangu hapo, jaribio lilipangwa mchana. Filta mpya huja na hewa ndani. Kama aliyeibadili hakuitoa hewa yote, basi imekaa kwenye bomba inasubiri, na dizeli ikianza kwenda, hewa ndiyo itakayofika kwenye moto kwanza. Moto haupendi kupelekewa sahani tupu. Je, hewa ilikuwemo? Mzee Ngoja hakujua. Na hapakuwa na muda wa kwenda kuangalia.

Kwanza alimwambia Injinia awaombe watu wa laini za umeme wakate mitaa kadhaa, ili mtambo upunguziwe mzigo. "Waanze na wapi?" Akataja mtaa wake mwenyewe. Huko dada yangu alikuwa na keki za watu kwenye oveni ya umeme, lakini tutafika huko.

Kisha akaanza. Nilijua ameanza kwa sababu gesi ina sauti yake, kama mluzi mrefu, na dizeli ina yake, nzito, ya kukoroma, na ukuta ule ulikuwa unapitisha vyote. Nikasikia koromo dogo likiingia chini ya mluzi. Halafu koromo likakwama.

Hewa ilikuwemo.

Mtambo ulikohoa. Siwezi kuliita kwa neno jingine. Sakafu ilitikisika, taa niliyoingia nayo ikafifia ikawa nyekundu kama kaa, na juu yangu kreni ikasema klak. Rota ikashuka. Haikushuka sana, vinginevyo nani angewaandikia haya? Bapa moja likaja likagusa kifungo cha juu cha ovaroli yangu, likatulia hapo. Taa ikarudi. Nikawa napumua kwa tumbo tu, kifua nimekiacha kilipo.

Hapo kila mtu alitaka jambo lile lile. Meneja alikuwa kwenye simu akipiga kelele, "Hamisha! Gesi inaisha, unangoja nini?" Injinia, nitamheshimu mpaka naingia kaburini, aliichukua simu ile ikiwa bado inapiga kelele, akaiweka ndani ya droo, akaifunga. Mimi nami nikabonyeza redio kwa kidevu, nikamwambia, "Shemeji, vuka! Vuka, tafadhali!"

Akanijibu. Meno yalikuwa yanagongana, yalisikika. "Shemeji, naogopa. Ngoja kwanza."

Sijui niwaeleze vipi. Sauti ile ilitetemeka kuliko yangu, na ndiyo iliyonituliza. Jasiri angevuka. Jasiri angeshindilia dizeli mpaka mwisho, angeondoa gesi, na hewa iliyobaki ingefika kwenye moto usio na kitu kingine cha kula. Yeye aliondoa kidole. Aliiacha gesi iushike moto, huku hewa inapita kidogo kidogo, na huku geji ya gesi inashuka mbele ya macho yake kuelekea ule mstari ambao ukifikiwa mtambo hujizima bila kuuliza mtu. Kungoja kulikuwa kunamla upande mmoja, kwenda kunamla upande mwingine, naye amekaa katikati na mke wangu mjane upande huu na mke wake bila kaka upande ule.

Injinia alikuwa anamsomea joto la moshi kutoka kwenye kioo, chemba ya moto moja baada ya nyingine. "Chemba ya sita imepoa."

"Ngoja."

"Bado imepoa."

"Ngoja kwanza."

"Bado… bado… Imetikisika. Inapanda. Inapanda, Mzee!"

Akaenda. Nilisikia koromo likirudi, safari hii bila kukwama, likinenepa, na mluzi ukikonda juu yake, ukikonda, mpaka ukawa kama mbu, mpaka haukuwepo. Taa yangu haikupepesa. Ukuta ukatulia kwenye ile sauti nzito ya dizeli, na sijawahi kusikia kukoroma kuzuri kama kule, hata kwa mke wangu.

Redio ikapumua. "Shemeji, uko hai?"

"Niko hai. Ila mwambie stoo anitafutie suruali."

Kasuku akainua rota, akaanza kusema, hajanyamaza mpaka leo. Nilitoka na tambara nimeling'ata kwa meno. Nilipopanda chumba cha mitambo, nilimkuta mstaafu wetu amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Kidole kilichokuwa kwenye kitufe kilikuwa kimekakamaa, hakikunjuki, Injinia anakikanda kwa maji ya uvuguvugu. Nikamwuliza alikuwa anaogopa nini hasa, mji kuingia giza? Akasema mji ungepata mishumaa. Alikuwa anajiuliza angemwambiaje dada yangu, na angeanza na neno gani, na hakulipata neno, ndiyo maana alingoja.

Dada yangu alitupokea mlangoni na keki mkononi, zimebonyea katikati kama mito ya wageni. "Mtaa wetu tu! Mji mzima una umeme, mtaa wetu tu! Mna ugomvi gani na mimi?" Mumewe akakaa, akakata kipande cha ile keki iliyobonyea, akala. Akakata kingine. Ikabidi niseme mimi, na kwa mara ya kwanza maishani nilisimulia bila kuongeza chumvi. Dada yangu alisikiliza akinitazama shingoni. Kifungo cha juu kilikuwa na mkwaruzo mweupe. Akaenda akachukua mkasi, akakikata kile kifungo nimevaa ovaroli hivyo hivyo, akashona kingine. Tambara alilifua; hadi leo ndilo analoshikia sinia za moto.

Kamati inataka pia takwimu. Katika kazi yake yote ya kuhamisha mafuta, mtambo umejizima mkononi mwake mara mbili tu, na mara zote mbili kuna mtu alimwambia afanye haraka. Amefundisha waendeshaji wengi, nusu yao sasa wana mishahara minono kwenye vituo vingine, na nasikia huko nako wanachekwa. Hajawahi kupewa tuzo ya ushujaa. Nadhani ni haki.

Lakini niseme ukweli wangu, kwa kuwa aliyesoma yuko likizo. Tangu tarehe ya kustaafu ilipobandikwa ubaoni, mimi ndiye nisiyelala. Mimi nimeshatoka kazini, kweli, ila nina wanangu wawili wa kuwazaa mwenyewe, wako kwenye karakana ile, wanaingia kwenye matumbo ya mitambo kama nilivyoingia. Taa ya sebuleni ikicheza tu, nameza mate. Tutapata wapi mwoga mwingine? Vijana wa siku hizi wana vioo vikubwa vya rangi, kila kitu kinajionyesha chenyewe, na mtu akiona kila kitu anasahau kuogopa.

Basi juma lililopita, siku ya jaribio, nilijipenyeza chumba cha mitambo nikijifanya nimeleta salamu. Kwenye kiti cha kwanza alikaa Injinia, yule yule, siku hizi ni mkuu wa mitambo na ana mvi zake kidogo. Mstaafu alisimama nyuma yake, mikono mfukoni, maana hakujua pa kuiweka. Vijana wamejipanga, wamekunja mikono, wanaangalia saa. Injinia akatia dizeli kidogo. Mluzi, na koromo chini yake. Kioo kikawa kijani chote, hakuna kilichokuwa kibaya. Kijana mmoja akasema, "Tayari, bosi, tuvuke."

Nikamwona Mzee Ngoja anafungua mdomo. Injinia akamtangulia. Aliondoa kidole kwenye kitufe, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Ngoja kwanza," akasema.

Nilisogea nikamtazama shingoni. Feni inavuma, chumba baridi kama friji, na shingo ya binti wa watu inatiririka jasho. Nilifurahi nusura niimbe. Mstaafu alitoa mikono mfukoni, akampa leso yake, akatoka nje kwenda kusimama juani.

Shemeji, asante kwa kila jasho ulilolitoa tukikucheka. Asante kwa mtaa wako uliouzima wa kwanza, na kwa keki. Uende ukabadili mtungi wako polepole, uwatoe nje unaowataka, hata mimi nitatoka na sahani yangu. Taa zikicheza usiku, wewe geuka upande wa pili ulale. Tupo sisi huku, na tunaogopa vya kutosha.